Taa za kuning'inia kwenye jiko la wazi: kutafuta tatizo lilipo

Jiko lisilo na ukuta kati yake na sebule halifichi kosa la taa. Taa iliyoning'inizwa juu ya kaunta ya katikati inamhusu anayekatakata vitunguu chini yake, anayekula kwenye meza ya jirani, na aliyejinyoosha kwenye kochi upande wa pili, na kila mmoja anaiona kwa pembe yake. Malalamiko huwa ni yale yale: inachoma macho, haitoshi, inapepesa, imekifanya chumba kionekane kidogo. Lawama huangukia kofia ya taa, kwa sababu ndiyo iliyochaguliwa kwa muda mrefu na kulipiwa pesa nyingi.

Kofia huwa na hatia mara chache kuliko watu wanavyodhani. Anza ukaguzi na balbu, kisha urefu ambao taa imening'inia, kisha mahali ilipo juu ya kaunta, kisha swichi na nyaya. Kofia iwe ya mwisho. Mpangilio huu unafuata gharama: balbu hubadilishwa kwa dakika moja, ilhali kubadilisha taa nzima kunaweza kumaanisha kutoboa dari upya. Kama bado hujanunua chochote, zisome dalili hizi kama maswali ya kumuuliza muuzaji.

Kabla ya kufungua chochote, zima umeme kwenye meni swichi au breka ya mzunguko wa taa, halafu hakikisha kwa testa. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, na sababu yake itaonekana tukifika kwenye taa zinazong'aa zikiwa zimezimwa.

Taa inachoma macho

Uliza kwanza ni nani anayeumia, aliyesimama au aliyeketi. Kaunta nyingi zina kimo cha karibu sentimita 90. Kipimo kinachotumiwa sana ni ukingo wa chini wa taa uwe sentimita 75 hadi 90 juu ya kaunta, na ukijumlisha utaona ukingo huo unaangukia mita 1.65 hadi 1.8 kutoka sakafuni, yaani kwenye usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama au juu yake kidogo. Akiwa hapo, anaiona kofia kwa ubavu na balbu imefichika ndani, na bado anaweza kuinama kidogo akamwona mtu wa upande wa pili wa kaunta.

Aliyeketi kwenye stuli ana shida nyingine. Macho yake yako kama mita 1.2 kutoka sakafuni, kwa hiyo anaitazama taa kutoka chini. Kama balbu imekaa karibu na mdomo wa kofia, anaiona yote. Hapo wengi huamua kuipandisha taa, na kwa kofia isiyopitisha mwanga, kama ya chuma au ya udongo, hiyo ni dawa ya kuongeza ugonjwa. Kadiri taa inavyopanda, ndivyo watu wengi zaidi wanavyoweza kuchungulia ndani yake kutoka chini, wakiwemo wa mezani ambao mwanzo hawakuwa na neno. Jaribu kinyume chake: ishushe sentimita tano au kumi. Ikishindikana, weka balbu fupi zaidi ili izame ndani ya kofia, au ile iliyopakwa rangi ya fedha kichwani, ambayo hurudisha mwanga juu kwenye kofia badala ya kuumwaga moja kwa moja machoni.

Kofia ya kioo angavu ina hesabu yake peke yake, kwa sababu haina cha kuificha balbu. Ukiweka ndani yake balbu kali ya kufanyia kazi, hakuna urefu utakaokuokoa. Kwa maoni yangu taa hizi ni pambo na ziachwe ziwe pambo: balbu ya lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka) 200 au 250, na kazi ya kumulika kisu wapewe wengine, yaani taa ndogo za darini au zile za ukanda zinazofichwa chini ya makabati. Usipotaka kuongeza taa, tumia balbu ya rangi ya maziwa. Ule uzuri wa nyuzi za ndani utapotea, lakini macho yatapumzika.

Tatizo hili lina historia ndefu. Mdenmark Poul Henningsen alianza kulishughulikia miaka ya 1920, na taa yake ya PH 5, iliyotoka mwaka 1958 na kupewa jina kutokana na kofia yake kuu yenye upana wa sentimita 50, imepangwa matabaka kwa lengo hilo hilo la kumzuia mtu asikutane na mwanga mkali wa balbu. Huna haja ya kununua taa ya aina hiyo ili kufaidi fikra yake. Ukiwa dukani, omba taa iwashwe, kisha chuchumaa mpaka macho yafike usawa wa mtu aliyeketi. Muuzaji atashangaa kidogo; mwache ashangae.

Wakati mwingine kinachochoma si taa yenyewe bali picha yake. Kaunta ya graniti iliyong'arishwa ni kioo: ukiinama kukata kitu unaiona balbu ikikutazama kutoka chini. Kofia iliyo wazi upande wa chini haitatibu hilo hata ingekuwa na kina gani. Kinachosaidia ni kifuniko cha rangi ya maziwa kwenye mdomo wa kofia, au balbu ya maziwa. Hali ni hiyo hiyo kwa runinga inayotazamana na jiko. Keti kwenye kochi usiku, runinga ikiwa imezimwa na taa zikiwaka, uhesabu nukta za mwanga kwenye skrini. Kama zipo, taa za kaunta zinahitaji swichi yake peke yake ili zizimwe wakati wa filamu huku taa nyingine za jikoni zikibaki.

Kaunta ina giza ingawa taa zote zinawaka

Achana na wati. Wati hueleza umeme unaotumika. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni, na mwanga unaofika juu ya kaunta hupimwa kwa luksi, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba. Sehemu ya kukatia na kuandalia chakula inahitaji kati ya luksi 300 na 500.

Chukua kaunta yenye urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 0.9. Eneo lake ni mita za mraba 2.16, kwa hiyo ili kufikia luksi 500 zinahitajika lumeni zipatazo 1,080 zinazofika juu ya kaunta. Lakini sehemu ya mwanga humezwa na kofia na sehemu nyingine humwagika sakafuni, kwa hiyo panga karibu mara mbili: lumeni 2,000 na ushee. Hizo ni balbu tatu za lumeni 700 au 800. Balbu ya LED ya lumeni 800 hutumia wati nane au tisa hivi, na mwanga wake unakaribiana na ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Mtu aliyeweka balbu tatu za pambo za lumeni 200 amepata lumeni 600 kwa jumla, halafu anashangaa kwa nini hauoni mfupa wa samaki.

Kama lumeni zinatosha na bado kuna giza, tazama vitu vitatu.

Cha kwanza ni urefu. Mwanga wa chanzo kidogo hupungua kwa mraba wa umbali. Taa iliyokuwa sentimita 60 juu ya kaunta ikipandishwa hadi 90, mwanga unaofika moja kwa moja chini yake hushuka hadi chini ya nusu ya ule wa kwanza. Ndiyo maana taa moja inaweza kuonekana kali kwenye duka lenye dari fupi, kisha ikafika kwenye nyumba yenye dari refu na kufifia.

Cha pili ni rangi ya ndani ya kofia. Rangi nyeupe hurudisha mwanga mwingi, na nyeusi huumeza. Kofia nyeusi nje na nyeupe ndani ni chaguo zuri kwa kazi. Nyeusi nje na ndani ni ya kupendezesha tu. Shaba na dhahabu ziko katikati, na huupaka mwanga rangi ya joto, jambo ambalo tutalirudia kwenye rangi za chakula.

Cha tatu ni mwili wako mwenyewe. Taa ikiwa nyuma ya kichwa chako, kivuli chako kinakaa pale pale kisu kinapofanya kazi. Kwenye kaunta ya katikati hili hutokea pale taa zilipofungwa nyuma ya mahali unaposimama badala ya juu ya kaunta yenyewe. Kwenye kaunta iliyo ukutani ni karibu lazima litokee, na hakuna taa ya kuning'inia ya katikati ya chumba itakayolitibu. Huko weka taa ya ukanda chini ya kabati, ukingo wa mbele.

Kama kila kitu unachoshika kina vivuli viwili au vitatu vyenye kingo kali, hiyo ni dalili ya balbu angavu kadhaa zenye nyuzi ndogo. Balbu ya maziwa au kofia ya kioo cha maziwa huvilainisha vivuli kwa sababu chanzo cha mwanga kinakuwa kipana zaidi.

Kaunta inang'aa, chumba kinafanana na pango

Sababu huwa moja: kofia zote hazipitishi mwanga, mwanga wote unaelekea chini, na dari limebaki gizani. Jicho hupima ukubwa wa chumba kwa kuangalia kuta na dari, si kaunta. Hakuna haja ya kutupa taa. Ongeza chanzo kimoja kinachomulika juu au ukutani: taa ya kusimama sebuleni inayoelekea dari, au ukanda wa LED juu ya makabati kama kuna nafasi kati yake na dari. Kwa anayenunua sasa, kofia yenye uwazi kidogo juu, au ya kioo cha maziwa, inamaliza tatizo kabla halijaanza.

Nyama inaonekana ya kijivu, na jiko limekataa kuoana na sebule

Haya ni matatizo mawili, ingawa mara nyingi huja pamoja.

La rangi za chakula linatokana na uwezo wa balbu kuonyesha rangi ilivyo. Kwenye boksi uwezo huo huandikwa CRI au Ra, na kiwango cha juu ni 100. Balbu nyingi za kawaida zina 80. Kwa jikoni tafuta 90 au zaidi, na kama boksi linataja pia R9, soma hapo: R9 ni kipimo cha wekundu mkali, na ndio wekundu unaozifanya nyanya na nyama zionekane kama zilivyo. Balbu mbili zinaweza kuwa na mwanga mwingi sawa, moja ikaonyesha nyanya nyekundu na nyingine ikaonyesha kitu cha rangi ya matofali. Kama umebadilisha balbu na rangi bado ni ya ajabu, basi kosa liko kwenye kofia: kioo cha kahawia hukata bluu, kioo cha kijani hupaka kila kitu ukijani, na shaba ya ndani huongeza umanjano.

La kutooana na sebule linatokana na kelvini, yaani kipimo cha rangi ya mwanga. Kelvini 2,700 hadi 3,000 ni mwanga wa joto, wa kuelekea manjano. 4,000 ni mweupe wa wastani. 6,500 ni mweupe wenye ubluu. Jiko lenye ukuta na mlango linaweza kuwa na 4,000 bila kumuudhi mtu. Jiko la wazi haliwezi, kwa sababu aliyeketi sebuleni kwenye mwanga wa 2,700 anaona kisiwa cha rangi ya hospitali mbele yake. Chagua rangi moja kwa eneo lote linaloonekana kwa pamoja. Mimi hupendekeza 3,000, kwa kuwa sebule inaivumilia na jiko linafanya kazi nayo. Anayedai mwanga mweupe zaidi ili aone vizuri, mara nyingi anachokosa ni lumeni au CRI, na akivipata hivyo hasemi tena habari za weupe.

Kama taa tatu zenye balbu za namba moja zinatofautiana kidogo kwa rangi, angalia kama zilinunuliwa siku tofauti. Toleo moja la kiwandani halifanani kabisa na jingine. Nunua zote pamoja, na moja ya akiba.

Taa zinapepesa

Hapa fuata dalili kwa makini, kwani baadhi ya sababu ni za kuudhi tu na nyingine ni za hatari.

Ikipepesa taa moja tu, zima umeme, ngoja balbu ipoe, kaza balbu. Bado? Ibadilishane na ya taa ya jirani. Tatizo likihama na balbu, balbu ni mbovu. Tatizo likibaki pale pale, holda haishiki vizuri: kile kibati cha katikati kimebonyea au maungio ya nyaya darini yamelegea. Maungio yaliyolegea hupata joto, kwa hiyo usiyaache mpaka wiki ijayo.

Zikipepesa zote za kaunta na kuna dima ukutani, yaani swichi ya kupunguza mwanga, mshukiwa ni hiyo dima. Dima za zamani zilitengenezwa kwa balbu za nyuzi na nyingi zinahitaji mzigo wa chini wa wati 40 au zaidi. Taa tatu za LED za wati nane ni wati 24 tu. Dima haioni kitu cha kufanyia kazi na inaanza kubahatisha. Hakikisha kwanza kwamba balbu yenyewe imeandikwa inakubali dima, kwa kuwa si zote zinakubali. Kisha weka dima iliyotengenezwa kwa ajili ya LED. Dima zinatofautiana: kuna zinazokata mwanzo wa kila wimbi la umeme na zinazokata mwisho wake, na balbu nyingi za LED hutulia zaidi na za aina ya pili. Mvumo mdogo kama wa nyuki unaosikika ukipunguza mwanga una chanzo hicho hicho.

Zikipepesa tu jokofu au mashine nyingine inapoanza kufanya kazi, au taa za nyumba nzima zikififia na kung'aa kupita kiasi kwa zamu, hilo si suala la taa za jikoni tena. Nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, inaweza kuwa imelegea mahali fulani kwenye njia ya umeme, na ikikatika kabisa vifaa vinaweza kuungua. Zima vifaa, muite fundi umeme siku hiyo hiyo.

Kuna kupepesa kusikoonekana moja kwa moja, ila mtu anaumwa kichwa akikaa jikoni. Balbu za LED za bei ya chini hufuata mapigo ya umeme, mara 100 au 120 kwa sekunde. Elekeza kamera ya simu kwenye balbu: ukiona mistari myeusi inayotembea kwenye skrini, umeipata. Tiba ni balbu nyingine.

Mwisho angalia juu. Kama pangaboi linazunguka kati ya taa ya darini na kaunta, mapanga yake yanakata mwanga na kuufanya ucheze. Hakuna fundi atakayepata hitilafu kwenye nyaya hata akitafuta mpaka jioni.

Zinang'aa kidogo zikiwa zimezimwa

Balbu ya LED huhitaji umeme mdogo sana kuwaka, kwa hiyo hata kiasi kinachovuja huonekana. Sababu nyepesi ni swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha mahali ilipo gizani. Kitaa hicho hupitisha umeme kidogo kupitia balbu. Badilisha swichi. Sababu nyingine ni nyaya ndefu zilizolazwa sambamba, ambapo waya wenye umeme huamsha kiasi kidogo kwenye waya wa jirani. Fundi anaweza kuongeza kifaa kidogo cha kumaliza umeme huo.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya niseme mapema kuhusu meni swichi. Kama aliyefunga nyaya aliiweka swichi kwenye nyutro badala ya waya wa moto, taa inazima lakini holda inabaki na umeme. Anayebadilisha balbu akiamini swichi imezimwa anaweza kupigwa shoti. Fundi aligeuze hilo mara moja, na akiwa hapo aangalie kama taa za chuma zimeunganishwa waya wa ethi, yaani waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini. Taa yenye alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, haihitaji ethi. Ya chuma isiyo na alama hiyo inahitaji.

Balbu zinaungua kabla ya wakati

Joto. LED hutoa joto kidogo, lakini hilo kidogo linakaa kwenye shina la balbu, karibu na vifaa vyake vya kielektroniki. Kofia iliyofungwa pande zote, kama tufe la kioo, hulizuia lisitoke. Tafuta balbu iliyoandikwa kwamba inafaa taa zilizofungwa, au weka ya wati chache zaidi. Ile wati ya juu iliyoandikwa kwenye holda ni onyo la joto, na LED ya wati tisa kwenye holda ya wati 60 haina tatizo.

Angalia pia shina kabla ya kununua kwa wingi: E27 ni skrubu ya milimita 27, E14 ni ya milimita 14, na B22 ni ile ya pini mbili ya kusukuma na kuzungusha. Taa zenye LED iliyojengwa ndani hazina balbu ya kubadilisha kabisa. Uliza kama kipande cha ndani kinaweza kupatikana kikifa, kwani la sivyo taa nzima ndiyo inayotupwa.

Taa haiko juu ya kitu inachomulika

Mara nyingi nyaya zilitolewa katikati ya chumba kabla ya kaunta kujengwa. Taa lazima zifuate kaunta, hata kama kaunta haiko katikati ya dari. Macho husamehe dari lisilo na ulinganifu kuliko taa inayomulika sakafu. Kama hutaki kutoboa, kuna njia mbili: kufunga ndoano darini juu ya kaunta na kuuvuta waya mrefu kutoka kwenye kikombe cha darini cha zamani, au kufunga reli ya taa inayoanzia kwenye nyaya zilizopo. Ndoano ishike kwenye mbao au zege. Ubao wa jipsamu peke yake haubebi taa nzito, na waya wa umeme haukutengenezwa kubeba uzito isipokuwa wenye kamba ya chuma au kishikio chake.

Kama ni taa zaidi ya moja, gawa urefu wa kaunta kwa idadi ya taa, kisha kila taa ikae katikati ya fungu lake. Kaunta ya sentimita 240 na taa tatu: sentimita 40, 120 na 200 kutoka mwisho mmoja. Taa mbili: 60 na 180.

Juu ya meza ya chakula inayosogezwa au kurefushwa, taa iliyofungwa mahali pamoja itapishana nayo tu. Hapo inafaa ya kuteremka na kupanda kwa kapi, au yenye waya wa kuhamishia kwenye ndoano ya pili.

Zinayumba, au zimeshika mafuta

Upepo wa dirisha na wa pangaboi huzisogeza kofia nyepesi. Fimbo ngumu badala ya waya humaliza kuyumba, ila kwenye dari lenye mteremko hakikisha fimbo ina kiungo kinachojipinda, la sivyo taa itakaa upande.

Mafuta ni suala la mahali na la nyenzo. Kama jiko la kupikia liko kwenye kaunta ile ile ya katikati, usining'inize taa juu yake. Hapo ni pa kifyonza moshi, na taa zikae pembeni. Kioo, chuma kilichopakwa rangi na udongo uliong'arishwa husafishwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, umeme ukiwa umezimwa. Kitambaa, karatasi na kofia za kusukwa hunywa mafuta na harufu, na hazirudi zilivyokuwa. Zinapendeza, sikatai, lakini ziweke upande wa meza ya kulia. Na kama kofia ya kusukwa inachora mistari ya vivuli kwenye dari na nyuso za watu, balbu ya maziwa itaipunguza sana.

Ni kubwa mno, ndogo mno, au zimesongamana

Hatimaye kofia yenyewe. Taa tatu zimekuwa kama sheria, lakini ni mtindo tu, na kwenye kaunta fupi ndizo chanzo cha msongamano. Fanya hesabu. Kaunta ya sentimita 180, acha 20 kila mwisho, zinabaki 140. Taa tatu za upana wa sentimita 30 zinachukua 90, na nafasi kati yake inakuwa 25 tu, ndogo kuliko kofia yenyewe. Kwa macho hilo ni ukuta. Taa mbili za 35 zinaacha nafasi ya 70, na sebule inaonekana katikati yake. Ukitaka tatu lazima, ziwe za 20 au 25. Juu ya meza ya chakula, taa moja yenye upana wa kati ya nusu na theluthi mbili ya upana wa meza hukaa vizuri.

Kosa la upande wa pili ni la taa ndogo kama vikombe juu ya kaunta ndefu, chini ya dari refu. Dari likizidi mita 2.4, unaweza kupandisha taa kama sentimita saba au nane kwa kila sentimita 30 za ziada ili zisionekane zimezama, na hapo lumeni ziongezwe kwa sababu ya umbali tuliokwisha kuutaja.

Katika jiko la wazi kuna pia ushindani. Taa za kaunta na taa ya meza huonekana kwa mtazamo mmoja kutoka kwenye kochi. Zikiwa zote za kuvutia macho, zinagombana; zikiwa pacha kabisa, zinaonekana kama zimenunuliwa kwa jumla. Iache moja itawale na nyingine iwe nyepesi, zikikutana kwenye rangi au kwenye nyenzo.

Kabla ya kulipia au kubadilisha, jaribu kwa maboksi. Kata kadibodi kwa upana na kina cha kofia unayoitaka, ining'inize kwa uzi pale pale taa itakapokaa, na uiache siku mbili tatu. Fungua milango yote ya makabati marefu uone kama inagonga. Pika. Keti kwenye stuli, kisha kwenye kochi, utazame kama boksi limekaa mbele ya runinga au ya uso wa mtu unayezungumza naye. Sogeza uzi juu au chini mpaka uache kuyaona maboksi kila unapopita. Kisha pima uzi kutoka darini: huo ndio urefu wa waya wa kumwagiza muuzaji, ukiongeza sentimita chache za kuunganishia ndani ya kikombe cha darini.